Sauti ya Mnanaa

Jua lilikuwa linazama aliporusha ndege yake ndogo kurudi nyumbani, peke yake, sanduku tupu la dawa likigongagonga kiti cha nyuma. Mwendo wa dakika arobaini tu. Marubani wenzake walimwita Mwewe tangu usichana wake. Kesho angestaafu, na kesho hiyohiyo binti yake, mwanafunzi wa urubani, angeruka peke yake kwa mara ya kwanza.

Hewa ilikuwa shwari, mawazo yakamrudisha nyuma miaka ishirini na saba. Abiria wake wa kwanza alimkuta ameshakaa usukanini, akauliza, "Dada, rubani mwenyewe yuko wapi?"

Akacheka peke yake.

Akamkumbuka mwalimu wake, mzee asiyeishiwa pipi za mnanaa mfukoni. Ndiye aliyemfundisha kwamba agizo la redioni hurudiwa neno kwa neno. "Usiporudia, mwanangu, tutajuaje kama uko hai?" Jioni moja mwalimu aliruka kuelekea mlimani. Hakuonekana tena, yeye wala ndege yake.

Mama yake mzazi naye alikuwa na lake: ukiitwa wakati wa magharibi na usiyemwona, funga mdomo.

"Mama," Mwewe alizoea kumtania, "mimi nalipwa kuwaitikia nisiowaona."

Redio ikakwaruza.

"Mwewe..."

Harufu ya mnanaa ikajaa ndani ya ndege.

"Mwewe, shuka futi elfu mbili. Geuka kushoto."

Kushoto kulikuwa na mlima.

Ulimi wake ulishainuka. Mazoea ni mazoea. Neno la kwanza lilikuwa limefika kwenye meno. Akajiuma mpaka akaonja damu.

"Rudia, mwanangu... tutajuaje kama uko hai?"

Akanyamaza. Akakaza usukani, ndege ikabaki kwenye njia yake.

Mara ya tatu sauti haikuamuru. Ilisihi. Akamwonea huruma, pengine huko aliko ni upweke tu unaomsumbua. Hata hivyo hakufungua kinywa.

Ndipo mtu akajibu.

"Nashuka futi elfu mbili. Nageuka kushoto."

Sauti ya mwanamke. Sauti yake mwenyewe, kabisa... na midomo yake ilikuwa imefumbwa.

Alitua. Binti yake alikuwa anamsubiri ndani ya banda la ndege, redio ya mkononi kifuani.

"Shikamoo, mama. Ulikuwa na nini? Mtu anakuita mara tatu, umemnunia! Nikakujibia."

Watu walikuwa wakisema kila siku kwamba sauti zao hazitofautiani.

"Umemjibu nani?"

"Si yule mzee? Mpole kweli. Kasema kesho ataniongoza yeye."

Mwewe akampokonya redio, akachomoa betri, akaitupa redio juu ya meza ya chuma.

"Kesho huruki."

"Mama! Mwaka mzima nimeisubiri siku hii!"

"Nimesema huruki. Bora unichukie."

Binti akafungua mdomo ajibu. Hakuwahi.

Pale mezani, redio isiyo na betri ikakwaruza.

"Mwewe mdogo... shuka futi elfu mbili."

Mama akaruka, akamziba mwanawe mdomo kwa mikono miwili. Akambana kwa nguvu zake zote.

"Usimjibu," alinong'ona. "Mwanangu, usimjibu."

Binti alitulia tuli.

Lakini chini ya viganja vya mama, midomo ilikuwa inacheza polepole, ikirudia neno kwa neno. Na pumzi iliyopenya katikati ya vidole vyake ilinukia mnanaa.