Mkono wa Ubaoni

Spana namba kumi na tatu ilimfikia Fundi mkononi, na mke wake alikuwa jikoni anamenya vitunguu.

Fundi alikuwa chini ya gari, mkono wa kulia ameunyoosha nje kama kawaida yake, kiganja juu. "Kumi na tatu," akasema. Spana ikatua kiganjani, ya baridi, imefutwa oili, upande wa kushikia umetangulia. "Asante, mke wangu," akasema tena, akaendelea kufungua nati. Mkewe aliisikia hiyo asante kupitia mlango unaounganisha jiko na gereji. "Haya," akajibu kwa mazoea, macho yamejaa machozi ya vitunguu. Kisha kisu kikasimama hewani. Haya ya nini?

Kabla hatujaogopa, tukubaliane jambo moja: gereji ile haikuwa kazi ya Fundi. Mikono alikuwa nayo, hilo halina ubishi. Injini ikikohoa tu anakwambia inaumwa wapi. Mpangilio ndio hakuwa nao hata kidogo. Alitengenezea magari nje ya ukuta, amelalia boksi la televisheni, spana zake zote ndani ya ndoo ya rangi, na akitaka moja anazimwaga zote chini. Chumba cha gereji, kizuri, cha matofali, kilichoungana na nyumba, kilikuwa makaburi ya vitu: friji lisilogandisha, godoro lenye shimo, matairi yaliyokwisha. Aliyeacha kazi yake ya kupanga stoo kwenye duka la jumla akajifunga kitambaa kichwani ni mkewe. Aliyevitoa vyote hivyo ni mkewe. Aliyesugua sakafu mpaka saruji ikaonekana, akapigilia rafu, akatenganisha nati kwa ukubwa ndani ya mikebe ya maziwa, akachukua mlango wa kabati bovu na kuufunga magurudumu ya kigari cha mtoto ili mume ateleze chini ya magari kama binadamu, ni yeye. Ni yeye pia aliyesimamisha ubao mkubwa ukutani, akatundika kila spana, kila bisibisi na kila koleo, kisha akachora kwa rangi nyeupe umbo la kila kimoja, ili kikitoka nafasi yake ibaki imekodoa macho. Sheria yake ilikuwa moja: jioni mlango haufungwi mpaka kila umbo limejazwa.

Wateja wakaanza kuja hata kutoka mbali.

"Fundi! Hii gereji au duka la dawa?"

Na Fundi, anafuta mikono taratibu: "Nimejitahidi, kaka. Nimejitahidi sana."

Nimejitahidi! Na mwanamke amesimama hatua chache kutoka hapo, ufagio mkononi, rangi nyeupe bado imeganda kwenye kucha.

Hata hivyo, siku ubao ulipokamilika, alisamehe kila kitu. Rangi ilikuwa bado mbichi. Fundi aliushika mkono wa mkewe kwa utani, akaubandika mwisho wa mstari, pembeni ya nyundo, akauzungushia brashi. "Na hiki ndicho kifaa changu cha kwanza," akasema, akacheka. Naye akacheka, kwa sababu siku hiyo alijiona anapendwa, na anayejiona anapendwa hapimi maneno. Kwa hiyo jioni zote zilizofuata kila umbo lilijazwa isipokuwa hilo moja. Kiganja cheupe, vidole vimeachana, kikabaki wazi ndani ya chumba ambamo vitu vyote vilishafundishwa kwamba nafasi tupu lazima ipate mwenyewe.

"Nani amekupa ile kumi na tatu?" alimuuliza mumewe wakati wa kula.

"Si wewe?"

"Mimi nilikuwa jikoni."

"Basi nilijichukulia, nikasahau. Uchovu huo, mke wangu."

Ikawa hivyo. Akitoka jikoni mbio kumpelekea koleo, anamkuta analo. Akikaa pembeni ya gari kusubiri kuagizwa, haagizwi. Ilikuwa kazi yake hiyo, ya kupokezana. Waliifanya bila kutazamana, mkono kwa mkono, na hakuna mahali pengine katika ndoa yao ambapo walielewana vile. Sasa aliketi juu ya ndoo kama mgeni aliyekuja siku isiyo yake. Akitundika spana, inadondoka. Anaiokota, anaitundika tena, inadondoka, safari hii karibu na vidole vya mguu.

Halafu ikaja harufu. Siku moja alichukua ovaroli ya mumewe kwenda kuifua, akaipitisha puani, na katikati ya dizeli na jasho akanusa mafuta ya nywele. Aliyajua. Yalikuwa yake, yale ya siku za uchumba, na chupa yake ilishakwisha, hakununua nyingine tangu alipoanza kuishi ndani ya vumbi la gereji. Sasa nani ameyapaka?

Alimweleza wifi yake, dada wa Fundi, aliyekuja kuazima beseni.

"Kaka yangu?" Wifi alicheka mpaka akaegemea sinki. "Yule? Ananuka dizeli mpaka kwenye picha za harusi! Nani atamtaka, wifi?"

"Basi yupo mwanamke anayependa dizeli."

"Acha wivu wewe. Leo unaonea wivu harufu, kesho utamfumania na jeki."

Alikuwa anataka kuongeza jingine. Hapo wakasikia Fundi anacheka gerejini. Kilikuwa kicheko cha chini, cha kubembelezwa, kile ambacho mke alikuwa hajakisikia siku nyingi mno. Wifi akafunga mdomo. Wakasogea mlangoni, wakainama wote wawili kuchungulia chini ya gari. Miguu miwili tu, ya Fundi. Lakini ule mlango wa kabati aliolalia ulikuwa umebonyea pande zote mbili, na magurudumu yake yalilia kama yanayobeba watu wawili.

"Kaka," Wifi aliita kwa sauti ndogo, "unaongea na nani?"

Magurudumu yakaacha kulia. "Najisemea."

Wifi aliondoka bila beseni.

Mke naye hakulia. Alipandwa na hasira, na hasira ilimsaidia, kwa sababu bila hiyo angeona mapema kwamba hili halikuwa jambo la mwanamke. Asubuhi iliyofuata pete yake, aliyoivua ili aoshe vyombo, ilipotea kwenye kisahani cha sabuni. Nikimpata aliyeivaa, aliapa, nitamvua na kidole chake. Mchana alimuaga mumewe kwamba anakwenda sokoni, akafungua geti, akalifunga kwa kishindo, kisha akavua viatu, akazunguka nyuma ya nyumba na kuingia jikoni. Akasimama nyuma ya mlango wa gereji, jicho kwenye upenyo.

Jua lilikuwa linawaka nje. Ndani kila kitu kilikuwa mahali pake, jinsi alivyokipanga. Fundi yuko chini ya gari, anapiga mluzi. Mke akautazama ubao kuanzia juu, mstari kwa mstari, kwa mazoea tu ya kuhesabu kilichotoka, mpaka akafika mwisho, pembeni ya nyundo, na pale palipokuwa na kiganja cheupe kitupu hapakuwa tupu.

Mkono ulikuwa umetundikwa hapo. Ulikuwa mkono wake. Aliijua alama ya kuungua kwenye dole gumba, aliijua rangi iliyoganda kwenye kucha, na kwenye kidole cha pete aliiona pete yake mwenyewe ikimetameta.

"Kumi na tisa," Fundi alisema, kwa upole ambao mtu hautumii kwa spana, na ule mkono ukajikunjua kutoka ubaoni kama unaoamka, ukafuatwa na kifundo, kifundo kikafuatwa na kigasha, kigasha kikaendelea kutoka ukutani na kutoka na kutoka bila kiwiko, ukapita juu ya koleo na bisibisi ukizigusa moja moja bila kuziliza, ukaitwaa kumi na tisa, ukashuka sakafuni, ukatambaa juu ya saruji aliyoisugua yeye kwa magoti yake, ukaingia chini ya gari, ukaiweka spana kiganjani, na haukurudi, ulibaki humo ukimpapasa mume wa mtu nywele taratibu, huku ile harufu ya mafuta ya uchumba ikija mpaka mlangoni na kumjaa mke kooni. Kisha ukasimama. Ukatoka chini ya gari, ukainuka, vidole vikageuka kuuelekea ule upenyo, na kidole kimoja, chenye pete, kikatikiswa kushoto na kulia. Hapana. Usiingie.

Aliingia, tena kwa kuusukuma mlango mpaka ukagonga ukuta. Ubaoni palikuwa na rangi nyeupe tu.

"Unajua!" alisema. "Mume wangu, unajua, na umenyamaza."

Fundi aliteleza kutoka chini ya gari. Hakushtuka, na hilo ndilo lililomuumiza mkewe kuliko mkono wenyewe. "Punguza sauti," alinong'ona, akitazama ubaoni kwa wasiwasi, kama mtu aliyelaza mtoto. "Hana ubaya. Anafanya kazi tu. Haongei. Hachoki. Haniulizi kwa nini kibao cha getini kimeandikwa jina langu peke yangu."

Hebu tulipime hilo. Mtu ana mke aliyemjengea mahali pa kazi kwa mikono yake miwili, halafu anaona bora mkono mmoja, mradi hauna mdomo. Ukiuliza jini hupata wapi mlango wa kuingilia nyumba za watu, usihangaike kutazama darini.

Wifi ndiye aliyemleta mganga, mwanamke mnene mwenye miwani, aliyefika akiendesha gari lake mwenyewe lenye breki zinazolia. Alisimama kwenye kizingiti cha gereji na hakuingia. Akanusa. Akautazama ubao, kisha sakafu, kisha rafu.

"Nani kapanga humu?"

"Mimi," mke alisema.

"Umepanga vizuri. Na ule mkono, nani kauchora?"

Chini ya gari spana iliacha kusikika.

"Huyu hakuvamia," mganga alisema, amepunguza sauti. "Ameitwa. Amechorewa nafasi, imeachwa wazi, amekaa. Sasa ana wivu kuliko wewe, mama, maana wewe unaogopa kunyang'anywa, yeye ameshaonja. Dawa yake ni nyepesi. Aliyechora aufute kwa petroli, kwa mkono wake, aseme: sina kazi na wewe. Basi. Lakini lazima yeye. Mimi simtoi mgeni ambaye mwenye nyumba anamkaribisha."

"Umesikia, kaka?" Wifi alisema. "Toka ufute."

"Nafunga gia boksi," ilijibu sauti chini ya gari. "Mteja yuko njiani."

"Mume wangu," mke alisema. "Futa."

"Nimalize gari hili kwanza. Kumi na saba."

Mkono wa Fundi ukatoka nje, kiganja juu. Hakusema anamwagiza nani. Wote watatu walitazama ubao, na ubao ulitulia, kana kwamba na wenyewe unasubiri kuona. Basi mke akatembea. Akaitoa kumi na saba kwenye umbo lake, na safari hii haikudondoka. Akapiga magoti, akaiweka kiganjani mwa mumewe, upande wa kushikia umetangulia, na hakuuondoa mkono wake. Akauacha hapo, wa moto. Fundi alizipapasa zile nyufa za sabuni kwenye vidole vyake. Kidole kisicho na pete alikipapasa mara mbili.

"Aa," akasema, akaiachia spana ianguke. "Siyo wewe."

Mke aliinuka. Hakuchukua nguo wala chombo. Alitoka na wenzake wawili mpaka getini, Wifi akimshika kiuno na kumtukana kaka yake kwa majina ambayo hayaandikiki, mganga akitafuta funguo za gari mkobani.

Hapo ndipo waliposikia magurudumu ya kigari yakilia, yakisukumwa mbele na nyuma, mbele na nyuma.

"Niachie kidogo," Fundi alikuwa anasema kule ndani, bado kwa kucheka. "Nataka kutoka. Niachie, nimesema." Kicheko kikakatika. "Niachie! Unaniumiza! Mke wangu! Mke wangu, njoo!"

"Usirudi," mganga alisema.

Lakini aliitwa, na alikuwa amesubiri kuitwa muda mrefu mno. Alikimbia. Kutoka kizingitini aliiona miguu ya mumewe ikipiga sakafu, kiatu kimoja kimechomoka, na mkono wake wa kulia umetoka nje ya gari, umeshikwa na mkono mwingine wenye pete, vidole vimepandana ndani ya vidole, vimekazwa mpaka kucha zimekuwa nyeupe, na kila alipojivuta kwenda kwenye mwanga alirudishwa gizani polepole, kwa upendo, kama anayerudishwa kitandani.

"Mke wangu! Uko wapi? Mke wangu!"

Mke alifungua mdomo kumjibu. Ulimi ulitembea, pumzi ilitoka, koo halikutoa kitu. Sauti yake aliisikia ikitokea chini ya gari, ileile, mpaka na ule ukwaruzo wa vumbi la gereji, ikiuliza kwa wivu mtulivu:

"Si niko hapa? Unamwita nani mwingine?"