Jini Aliyesingiziwa Kifo cha Mfaume

Harufu ya spiriti ndiyo iliyotangulia. Arobaini ya Mfaume ilikuwa haijafika, na mle chumbani mwao, mtaa wa Chemchem, hapakuwa na dawa wala pamba, lakini kila jua liliposimama utosini, mjane wake Najiat aliisikia ikipanda kutoka upande wa kitanda aliokuwa akilala marehemu.

Mfaume, mshona viatu, alikwenda kupasuliwa ngiri. Akaamka salama, akanywa uji, akataniana na mkewe. Adhuhuri akafa. Habari aliileta Shomari, mdogo wake Najiat, muuguzi wa wodi aliyolazwa.

"Dada, hili si la hospitali. Ni jini. Shemeji alichimba choo penye njia ya zamani ya misafara, akawagusa waliolala pale."

Najiat aliamini. Angeachaje kumwamini mtoto aliyemlea mgongoni?

Baada ya harufu ikaja sauti. Alikuwa anakunja nguo za marehemu, mtu akauliza nyuma ya pazia, taratibu, kama anayeogopa kumwamsha mgonjwa: "Jina lako nani?" Akavuta pazia. Ukuta mtupu. Kesho yake sauti ikauliza tena, ikahamia uvunguni, ikapanda kwenye mto wa kulalia, na Najiat akasimama mlangoni, harufu imemjaa puani mpaka machozi yanamtoka, huku kitanda kikilia polepole kana kwamba mtu mzito anajigeuza juu yake akitafuta pumzi asiipate.

Akamwita mganga Lugembe. Akamwita na Shomari, asiwe peke yake.

Ubani ulipokolea, aliyeanguka alikuwa Shomari. Sauti iliyomtoka haikuwa yake.

"Nani wewe?" alinong'ona Lugembe.

"Niliyesingiziwa. Yule mwanamume sikumgusa. Huyu alichukua sindano ya mgonjwa wa kitanda cha jirani, akamchoma yeye bila kumuuliza jina. Kisha akaja hapa kunitaja mimi. Nimeitika."

Najiat alishika ukuta. "Shomari, kweli?"

Macho ya mdogo wake yakarudi. "Majini waongo, dada. Mimi sijui lolote."

"Ulilia na mimi mkekani. Ukaniambia mume wangu kajitakia."

Shomari akapiga magoti. "Wangenifukuza, dada. Nilikuwa nimechoka, wagonjwa wengi…"

"Na leo asubuhi umechoma sindano?"

Shomari akaitazama mikono yake.

"Uliwauliza majina?"

Najiat akajifunga kanga, akavaa ndala.

"Ngoja kwanza nimtoe jini," alisema Lugembe, akiongeza ubani kwenye chetezo.

"Muache. Mimi nakwenda kwa daktari mkuu."

"Dada, utanifungisha!" Shomari alilia, akijikokota sakafuni kumfuata. Na mdomo ule ule, machozi hayajakauka, ukacheka kwa ile sauti nyingine, bila haraka yoyote.

"Nenda, Najiat. Nitabaki naye mimi."