Dole la Somoe

Haya kanisimulia Somoe mwenyewe, mjukuu wa dada yangu, Alhamisi iliyopita. Mie nachambua mchele, na yeye kashika ungo wa pili asichambue kitu. Nayaandika kama alivyoyasema.

Simu yake ililia mlio wa grupu. Wanawake wa Tandika wana grupu lao, Kitambaa Kimoja, la kushona sare za harusi na kusaidiana misibani. Bi Arwa, mwenyekiti, kaandika:

"Arobaini ya Jokha ni kesho. Msimamo ni ule ule, hatuendi. Anayekubali aweke dole."

Madole yakaanza kupanda. Kumi. Ishirini. Thelathini. Somoe akaificha simu chini ya mto. Ikalia tena, safari hii Bi Arwa anapiga.

"Shikamoo, Bi Arwa."

"Marahaba. Dole lako silioni, bibi harusi."

"Nilikuwa nafua."

"Mara ya kwanza uliweka wa tatu, mbio kama unawahi maji ya bomba. Leo unafua?"

"Bi Arwa, yule ni mama mkwe wangu."

"Hajawahi kuwa! Na harusi yako nani atakupikia? Nani atakupigia vigelegele, kuku wa mchumba wako Talha?"

Wanawake waliokuwa na Bi Arwa wakaangua kicheko.

"Nipe mpaka jioni, Bi Arwa."

"Nakupa mpaka adhuhuri."

Kosa la Bi Jokha lilikuwa moja. Harusi ya binti wa Bi Arwa, wanawake tisini wamevaa sare rangi ya ndimu, yeye akaingia na doti ya kanga aliyopewa na marehemu mumewe. Kuulizwa, akajibu, "Nimekuja kwenye ndoa, sikuja kwenye kitambaa." Watu wakacheka. Bi Arwa hakucheka. Wiki ile ile ikapitishwa kwa madole asusiwe, asiendewe kwa heri wala kwa shari.

Somoe alimpenda yule mama. Mwanawe, Talha, fundi majokofu, keshapeleka posa kwao na imepokewa. Lakini aliona madole ya wenzake wawili yamepanda mbio mbio, na la kwake likaenda.

Asubuhi ya siku ile ile ya kususwa, Bi Jokha akamtumia ujumbe wa sauti. Somoe akaogopa kuufungua. Siku ya tatu Talha akampigia.

"Mama hatunaye tena, Somoe. Presha. Njoo."

"Nina homa, Talha. Siwezi kusimama."

Akasimama dirishani. Akaliona jeneza linapita, wanaume wachache wanapokezana hawapati pa kupumzika. Maiti ilioshwa na Nusaiba, dada yake Talha, na shangazi mmoja kutoka Goba. Wawili tu, mtaa mzima ule.

Tangu hapo usingizi ukamkimbia. Ujumbe uko pale pale. Kila akifumba macho anahisi kuna mtu kakaa ndani ya simu, kimya, anangoja afunguliwe mlango.

Basi adhuhuri aliyopewa na Bi Arwa ikaadhiniwa. Somoe akaandika kwenye grupu:

"Mie nakwenda. Na dole langu la siku ile nalitoa."

Akawa anapandisha ujumbe wa nyuma, analitafuta alitoe. Hajalifikia, Bi Arwa keshamtoa yeye. Dole likabaki mle ndani.

Asubuhi ya pili akaingia uani kwa kina Talha. Nusaiba anamenya vitunguu, Talha anapuliza moto.

"Asalaam aleikum."

"Waaleikum salaam," Nusaiba akaitika. "He! Homa imepoa? Homa ya siku arobaini, wifi, hata madaktari hawaijui."

Talha hakuinua kichwa.

"Talha, sikuwa na homa."

"Najua."

"Niliweka dole."

"La tatu. Nililetewa picha ya dole lako wakati mama anaoshwa."

"Na hukusema?"

"Nilingoja useme wewe. Mwisho niliojipa ni leo. Magharibi ningemwendea baba yako nimwambie posa basi."

Somoe akakaa chini, pale pale penye maganda.

"Niliogopa kubaki peke yangu, Talha."

"Mama naye alibaki peke yake."

Somoe akapapasa mkobani. Akatoa simu.

"Kuna ujumbe wake humu. Sijausikiliza. Siwezi peke yangu."

Kisu cha Nusaiba kikasimama. Talha akanawa mikono, akaja akachuchumaa. Somoe akabonyeza.

Kumbe Bi Jokha hakuwa anamtumia kitu. Alibonyeza bila kujua. Walisikia chapati inageuzwa, kikohozi chake, halafu:

"Nusaiba, hicho kikombe usikirudishe kabatini. Cha Somoe hicho."

"Mama, haji huyo. Wamekususa wote."

"Wote ni wao. Somoe atakuja. Kachelewa tu, atakuwa anafua. He, hii simu mbona inawaka?"

Basi. Ikaishia hapo.

Nusaiba akaanza kulia. "Nilikirudisha," akasema. "Nilimjibu ovyo, nikakirudisha."

Akainuka, akaenda ndani, akarudi na kikombe. Akakijaza chai, akakiweka mbele ya Somoe.

"Kunywa. Alikungoja."

Somoe akanywa. Talha akamwangalia mpaka chai ikaisha.

"Sijui kama nimekusamehe," akasema. "Lakini baba yako simwendei. Ila ujue harusi itakuwa ya watu kumi."

"Tuwe kumi."

"Na hakuna sare."

"Nipeni doti ya mama. Nitaolewa nayo."

"Ina harufu ya moshi," Nusaiba akasema.

"Ndiyo hiyo hiyo."

Hitma ikasomwa. Walikuja watu kumi na mmoja, wa Kitambaa Kimoja hakuja hata mmoja. Pilau likabaki sufuria nzima. Kufika alasiri shangazi wa Goba keshaondoka, Nusaiba kajilaza mkekani kalala na mtandio usoni, Talha yuko barazani, kaegemea ukuta, kasinzia mdomo wazi.

Somoe akausikiliza ujumbe mara moja tena, simu kaibana sikioni. *Kachelewa tu, atakuwa anafua.*

"Nimefika, mama," akasema.

Akangoja kidogo, kama kuna wa kuitika. Halafu akajinyoosha pembeni ya Nusaiba, kikombe kakiweka karibu na kichwa, na usingizi wa siku arobaini ukamchukua mchana kweupe.