Mfuko Ambao Haukuinuliwa

Jua lilikuwa linazama, wenzake wameshaondoka, na mfamasia alibakiza mfuko mmoja tu wa dripu wa kuchanganya. Wa shangazi yake. Huyo ndiye aliyemlea tangu anaota meno, na sasa alikuwa kalala nyumbani na maambukizi kwenye damu, akitundikiwa dripu ya dawa kila jioni. Daktari alisema wazi: dozi moja ikiruka, mtampoteza.

Vichupa vya dawa vilibaki vitatu. Vingine vingekuja kesho.

Akavaa kofia, barakoa na glavu, akachanganya. Kisha akauinua mfuko kwenye taa, kama sheria yao ilivyo: ukiona chochote ndani, hata kichembe, tupa. Hakuna mjadala.

Ndani kulikuwa na unywele.

Mweupe, mrefu, unajikunja taratibu… kama unatafuta njia.

"Makubwa haya!" Akautupa mfuko. Akafuta meza, akabadilisha glavu, akachanganya wa pili. Akauinua.

Nywele mbili.

Hapo moyo ulimwenda mbio, jamani, msimcheke. Akapiga simu nyumbani.

"Shangazi, unaendeleaje?"

"Naendelea, mwanangu." Sauti ilikuwa ya kunong'ona. "Ila huyu mwenzako uliyemtuma ana mikono ya baridi… ananichana nywele."

"Sijamtuma mtu, shangazi. Nani huyo?"

Akasikia chanuo… kwaru… kwaru… kwaru.

Simu ikakatika.

Akachanganya kichupa cha mwisho. Mfuko huu wa tatu hakuuinua. Aliogopa kuona. Angeona angetupa, na angetupa shangazi angekufa. Akautia kwenye boksi la baridi, akatoka mbio.

Mlango wa nyumbani aliukuta umefungwa kwa ufunguo, vilevile alivyouacha mchana. Chumbani hapakuwa na mtu mwingine, ila harufu ya udongo mbichi. Shangazi alikuwa anaungua kwa homa, pumzi za kuhesabu, hamtambui mtu. Na nywele zake zilikuwa zimechanwa vizuri, hata moja haijasimama.

Mfamasia akautundika mfuko huku ameangalia ukutani. Akafungua dripu.

Tone… tone… tone.

Asubuhi homa ilikuwa imekwisha. Akamkuta ameketi kitandani, mgongo wima, anajichana. Akalia kwa furaha, maskini, akamkumbatia kwa nguvu.

"Shangazi, jana uliniweka roho juu!"

Mwanamke akamtazama kwa upole tu, kama mtu anavyomtazama muuza duka.

"Ahsante, mfamasia."

Mfamasia? Miaka thelathini na moja alikuwa "mwanangu", hata siku za kugombezwa. Akamwachia, akarudi nyuma.

"Shangazi yangu… yuko wapi?"

"Alikusubiri mpaka akachoka," akanong'ona yule. "Mimi sikuchoka."

Jioni ile vichupa vipya vilifika. Mkuu wake wa kazi alimwambia mifuko ile labda ilitoka kiwandani na kasoro, na kwamba mgonjwa akitoka kwenye homa kali huropoka. Pengine. Dozi zilibaki kumi na moja. Akavaa glavu, akakaa mbele ya meza mpaka giza likaingia, hajui akichanganya atakuwa anamtibu nani, na asipochanganya atakuwa amemuua nani.