Vitufe Kumi na Viwili

Mponyaji alikuwa ameshatibu programu mia tatu asubuhi ile, na chai ya Nyamizi ilikuwa bado ya moto. Hakuwa na mkono wala kichwa huyo Mponyaji. Alikuwa nguzo ya kioo iliyosimama katikati ya ukumbi wa maabara, huko Tabora Mpya, na kazi yake ilikuwa kupokea programu iliyoharibika, kuisoma, kuitengeneza, kisha kumweleza mwenyewe kosa lilikuwa wapi, kwa Kiswahili cha kueleweka hata na bibi yako. Wiki hiyo vivinjari vyote vya zamani, vile vya kufungulia kurasa za mtandao, vilikuwa vinazimwa nchi nzima, kwa hiyo watu walipanga foleni mpaka barabarani na vitu vyao vya kale: kurasa za harusi, madaftari ya vikoba, michezo ya watoto ambao sasa wana wajukuu.

Nyamizi ndiye aliyembuni. Miaka kumi na miwili ya maisha yake ilikuwa imo mle ndani ya kioo, na kama ungemuuliza asubuhi ile angekwambia hajutii hata mmoja. Angekudanganya, lakini angekudanganya bila kupepesa macho.

Kwenye saa tano hivi foleni ilimfikisha mbele mwanamke mrefu aliyeshika kishikwambi kilichopasuka kioo. Alikuwa Kabula, dada wa mume wake. Hawakuwa wamesemeshana kwa miaka tisa.

"Wifi," Kabula alisema, kwa sauti ya mtu anayetua mzigo asioupenda. "Nimeleta mchezo wa kaka, aliouacha kwangu. Usidhani nimekuja kwako. Nimekuja kwa mashine."

"Karibu, wifi."

"Nimeshakaribia."

Kaka mwenyewe, Luhende, alikuwa mfugaji nyuki, na wakati ule alikuwa amelala usingizi wa mwaka wa tisa ndani ya safina ya anga inayoelekea mmoja wa miezi ya sayari ya Zohali. Abiria wa safina hiyo hulazwa kwa baridi na kuamshwa wanapofika, naye alibakiza miaka mitatu. Kurudi hakuna. Barua za ndugu hurushwa kila mwaka na kujikusanya humo, zikimngoja aamke.

Kabula aliweka kishikwambi chini ya nguzo. Hewani ukatokea ukurasa wa rangi ya njano ya kuumiza macho. Juu yake paliandikwa: *Tulikutana saa ngapi? Kisia. Una nafasi tatu.* Chini yake vilijipanga vitufe kumi na viwili, saa moja mpaka saa kumi na mbili, vingine vimeteleza nje ya mstari.

Nyamizi aliujua. Luhende alimtumia mchezo huu wakati yeye Nyamizi hajalala nyumbani wiki ya pili mfululizo kwa ajili ya Mponyaji. Aliufungua akiwa amesimama, akabonyeza saa nne. *Siyo.* Akadhani kidole kimeteleza, akabonyeza tena saa nne. *Siyo.* Mara ya tatu alibonyeza kwa hasira, saa nne ileile, na vitufe vyote vikazimika. Walikutana saa nne asubuhi, kwenye foleni ya vitambulisho, kijana mmoja anayenuka moshi wa mizinga akampisha kivulini na kumpiga picha bila ruhusa. Mwanamume anasahauje hilo? Au alikuwa anaikumbuka saa ya mwanamke mwingine? Jioni Luhende alipompigia simu na kumuuliza kama ameucheza, alimjibu, "Sina muda wa michezo."

Baada ya wiki tatu safina iliondoka naye ndani.

"Miezi saba alijifunza," Kabula alikuwa anasema, si kwa Nyamizi, bali kwa foleni nzima. "Mtu wa nyuki, hata simu ilikuwa inamshinda. Anaamka alfajiri anasoma msimbo wa kompyuta, eti aongee lugha ya mkewe. Kisha anaambiwa sina muda."

Nyamizi alisogeza kikombe cha chai pembeni.

"Nimemaliza," alisema Mponyaji. "Hii ni kazi ya mwanafunzi, na ameifanya kwa bidii. Vitufe vilikuwa vimepangwa vibaya, nimevinyoosha. Lakini kosa kubwa liko kwenye jibu. Mwandishi alichukua saa kutoka kwenye rekodi ya picha. Kamera huanza kuhesabu usiku wa manane, kwa hiyo yenyewe imeandika kumi. Vitufe amevipa saa zetu, za kuanzia jua linapochomoza. Anayelijua jibu atabonyeza nne, na programu itamkatalia. Wanaoanza hulifanya sana kosa hili."

"Bonyeza basi tuone," Kabula alimwambia wifi yake. "Leo si una muda?"

Kidole cha Nyamizi kilikwenda moja kwa moja kwenye saa nne. Hakikutafuta, na Kabula alikiona.

*Umepatia, mke wangu. Nilijiapiza kwamba ukikumbuka, nafuta jina langu kwenye orodha ya safina. Taarifa imeshanifikia, nami nimeshalifuta. Njoo nyumbani, nimepika.*

Watu waliokuwa nyuma wakasogea wasome.

"Na nisipopatia?" Nyamizi aliiuliza mashine yake.

"Asipopatia, programu haimtumii mwandishi chochote. Hawezi kujua kama mchezaji amekosea au hajacheza kabisa. Na taarifa ya leo haikwenda popote; namba yake ilishafungwa."

Kabula alikaa kwenye kiti bila kukaribishwa. "Uliucheza," alisema polepole.

"Saa nne. Mara tatu. Nikadhani amenisahau."

"Kwa nini hukusema? Miaka tisa, wifi. Nimekutukana kwenye misiba, nimekutukana kwenye harusi."

"Kiburi," Nyamizi alisema, na hapo ndipo machozi yalipomshinda, mbele ya watu, mbele ya kazi ya mikono yake. Neno moja tu kwenye simu ile lingetosha. Hilo ndilo lililomuuma kuliko kosa la saa.

Kabula alimpa ncha ya kanga yake ajifute. Kisha akafungua kwenye kishikwambi ukurasa wa barua za safina. "Zinarushwa kesho kutwa. Namwandikia sasa hivi. Lazima ajue kwamba ulikumbuka."

"Usimwandikie hivyo."

"Nyamizi, mumeo amelala akijua hukumjali."

"Na akiamka? Ataamka kule, mlango wa kurudi haupo, asome kwamba mkewe alipatia, na kilichomfukuza nyumbani ni kosa la mkono wake mwenyewe. Ataishi nalo vipi? Mke asiyekujali unaweza kumsahau. Mwache anisahau."

"Na wewe je?"

"Mimi nishajua. Inatosha ajue mmoja."

Kabula alikivuta kishikwambi karibu. "Basi niandike nini?"

"Mwandikie habari za nyuki. Mwambie mizinga imejaa."

Akaandika. Aliandika mvua, mizinga, jirani aliyeoa tena. Alipofika mahali pa kumweleza mkewe yukoje, akaandika, akafuta, akashindwa. Nyamizi alikichukua kishikwambi taratibu, akamalizia mwenyewe: *Mkeo hajambo. Yuko kazini.*