Mlango Nyuma ya Friji

Friji la zamani lilipoburutwa, nyuma yake hapakuwa na vumbi. Hilo lilitosha kumshtua mtu, lakini fundi cherehani siku hiyo alikuwa na furaha ya kuachana na mkosi, akalipuuza. Tangu aolewe, friji lile lilikuwa limeegemezwa kwenye mlango wa nyuma wa jikoni, mlango ambao hakuwahi kuuona ukifunguliwa. Vumbi halikuwepo, na kitasa kiling'aa kama cha mlango unaotumika kila siku.

Mumewe, dereva wa malori ya safari ndefu, alikabidhi friji kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, akaaga na kwenda kazini kabla jasho halijamkauka.

Kusema kweli, friji lenyewe lilikuwa limekula chumvi nyingi. Lilikohoa, lilivuja, liligandisha nyanya na kuchachusha maziwa. Jipya alilolichagua dukani lilikuwa jeupe, jepesi, na chini lilikuwa na magurudumu.

"Hili hata mtoto analisukuma," muuzaji alijigamba. "Wewe andaa nafasi tu. Mzigo unafika leo hii hii."

Fundi akaandaa nafasi.

Adhuhuri mama mkwe wake alitoka chumbani akipapasa ukuta. Macho yake yalikuwa yamebaki na mwanga kidogo tu, wa kutofautisha dirisha na ukuta. Alipofika jikoni akanyoosha mkono pale friji lilipokuwa, mkono ukapita hewani.

"Liko wapi?"

"Limeenda na mtu wa vyuma chakavu, mama. Jipya linakuja leo."

"Na leo lisipokuja?"

"Litakuja."

Bibi kizee akashusha sauti. "Basi nisikilize, mwanangu. Mtu akibisha mlango huu, usimwitikie. Hata akiita kwa sauti yangu."

"Mama, nyuma ya mlango huo kuna ukuta wa jirani. Hata mbuzi hapiti. Nani atabisha, mjusi?"

Moyoni fundi alisema uzee ni kazi, akarudi kwenye cherehani yake iliyokuwa sebuleni, karibu na mlango wa mbele.

Kuanzia hapo akawa mtumwa wa simu. "Niko kona ya mwisho, dada," dereva wa duka alimwambia, kwa sauti nzito yenye adabu. Kona hiyo haikuisha hadi giza likaingia. Kesho yake tairi lilipasuka. Siku iliyofuata, nyama ikiwa imeshaharibika na maziwa yamemwagwa, dereva alidai walifika wakakuta hapana mtu.

"Hapana mtu vipi? Nimekaa mlangoni tangu asubuhi!"

"Tulibisha, dada. Hatukuitikiwa."

Uongo mtupu, na alijua ni uongo, ila ulimkaa rohoni. Akaapa kwamba hodi nyingine haitampita.

Haikumpita. Mchana wa siku ya pili yake alikuwa akishona suruali, pini mdomoni, mguu ukikanyaga kwa hasira, aliposikia sauti ile ile nzito yenye adabu.

"Hodi. Mzigo wenu."

Akatema pini. "Karibuni! Karibuni sana, pitisheni moja kwa moja jikoni!"

Papo hapo simu ikaita. "Dada, samahani," alisema dereva wa duka, honi zikipigwa nyuma yake. "Tumekwama kwenye foleni. Tuvumilie kidogo."

Mlango wa mbele ulikuwa wazi mbele yake, na nje hapakuwa na mtu wala gari. Hodi ile ilikuwa imetokea nyuma.

Alinyanyuka, na kadiri alivyokaribia jikoni ndivyo baridi ilivyompanda kutoka nyayoni, na harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi ikamjaa puani mpaka ikawa ladha mdomoni, na alipofika kizingitini akaona mlango wa nyuma uko wazi na nyayo za maji, ndefu kuliko za mtu, zimeingia na hazikutoka, zimekwenda hadi katikati ya sakafu, na hapo katikati alikuwa amekaa Kidoti, bintiye wa pekee, ambaye hata miaka minne alikuwa hajatimiza, akitazama juu kwa kicheko, mkono wake wa kulia umeinuliwa hewani na vidole vimebanwa pamoja mpaka vimekuwa vyeupe, kwa sababu kitu kisichoonekana kilikuwa kimevishika.

"Umemkaribisha," mama mkwe alinong'ona nyuma yake.

"Mama, nilidhani ni watu wa friji."

"Mimi nilidhani ni muuza maziwa. Kabla ya mumeo nilikuwa na binti. Huyu alimshika hivyo hivyo, akaondoka naye."

Fundi akamrukia mwanawe, akamkumbatia kiunoni, akavuta. Mtoto hakusogea. Mkono wake ulikuwa wa baridi hadi begani.

"Asanteni kwa ukarimu," sauti ya dereva wa duka ikasema kutoka mahali patupu. "Naondoka. Nisindikizeni. Huyu mdogo ananitosha."

Kidoti akasimama. Akaanza kutembea kuelekea mlangoni, na mama yake akaburutwa naye sakafuni, magoti yakichubuka, akilia bila sauti.

"Mgeni wangu," mama mkwe alisema. Aliongea kwa heshima, kama anayemhudumia mkubwa. "Utasindikizwaje na mtoto? Hiyo ni dharau. Mwenye nyumba ni mimi. Nitakusindikiza mwenyewe."

Maji yalidondoka kutoka mahali pasipo na kitu.

Mkono wa Kidoti ukaanguka. Mkono wa bibi kizee ukainuka taratibu, vidole vikabanwa, uso wake ukajikunja kwa maumivu. Akavuka kizingiti. Nje kulikuwa na ukuta wa jirani, hatua moja tu, lakini kandambili zake ziliendelea kusikika, pa, pa, pa, zikienda mbele na kwenda mbali.

"Mwanangu," aliita kutoka huko, "ngoja kidogo..."

Fundi alifunga mlango kabla hajamaliza kusema.

Friji jipya liliwasili mchana huo huo. Dereva aliomba radhi kwa kuchelewa, akashangaa kuambiwa aliegemeze kwenye mlango. Mume alipopiga simu, fundi alimwambia mama yake ametoka kidogo. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto, lakini mtoto wake alikuwa mapajani, mzima, na hakujuta.

Kesho yake adhuhuri kukabishwa nyuma ya friji.

"Hodi. Mwanangu, ni mimi. Nimeshamsindikiza. Nifungulie, miguu inaniuma."

Ilikuwa sauti ya bibi, na kikohozi chake kikavu, na namna yake ya kuvuta pumzi katikati ya neno. Fundi alijaza kitambaa mdomoni asije akaitika. Ikabisha kila siku. Ililia. Ilisema huku kuna baridi, ilisema mimi ndiye niliyekuokolea mtoto, unanilipa hivi? Naye alikaa kimya akishona mishono iliyopinda, asijue anamfungia nje jini au anamwacha mama wa mumewe afe peke yake upande wa pili wa friji.

Lakini alikuwa amekiziba kinywa chake tu. Siku moja cherehani ilikuwa ikinguruma, na hodi ikaja kama kawaida, dhaifu zaidi. Alijiinamia, akasubiri ipite.

Jikoni, sauti ndogo ikaitika kwa furaha.

"Karibu, bibi."

Mguu wake ukaacha kukanyaga. Akasikia magurudumu ya friji yakibingirika sakafuni, mepesi, kama muuzaji alivyoahidi. Akasikia kitasa kikizunguka, na harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi ikamfikia pale alipokaa.

"Asanteni kwa ukarimu," ikasema sauti ya mama mkwe wake.