Kondoo wa Mama Pacha na Gesi ya Tumboni

Kila asubuhi, kabla hajanywa chai, Mama Pacha alikuwa na watu wa kusalimia. Watu hao walikuwa na miguu minne. Alifungua banda, akasimama mlangoni, akawakagua mmoja mmoja kama mwalimu wa zamu.

"Wewe mbona unachechemea? Na wewe masikio yamelala, umeota vibaya?"

Kondoo hawakujibu. Walikuwa na haraka ya malisho.

Mama Pacha aliijua kazi yake. Mkono wake ukipita mgongoni mwa kondoo, ulimwambia kama ameshiba, ana minyoo au ana mimba. Majirani walisema anaweza kumtambua kondoo wake gizani kwa kikohozi tu. Hawakuwa wanatania.

Lakini msimu huo alikuwa na jambo lililomkaa kooni. Wanakondoo hawakui. Wanazaliwa vizuri, wananyonya, wanaruka, halafu wanasimama pale pale kama saa iliyoishiwa betri. Mwaka uliopita ilikuwa hivyo hivyo.

Wa kwanza kulisema hilo hadharani alikuwa shemeji yake, mdogo wa mume wake. Watu walimwita Redio. Habari akiisikia asubuhi, mchana imeshafika mtaa wa tatu, na jioni inarudi imenenepa.

Siku hiyo Redio aliingia katika karakana ya kaka yake, Baba Pacha, fundi wa kuchomelea vyuma. Mama Pacha alikuwa hapo, ameleta chakula cha mchana. Redio akapindua ndoo, akakaa.

"Shemeji, umesikia? Kondoo wako wanachafua hewa ya dunia nzima."

"Dunia nzima? Hata geti hawajavuka."

"Wanatoa gesi. Inaitwa methani. Inapanda juu, inaifunika dunia kama blanketi, joto linashindwa kutoka. Wataalamu wamesema wenyewe."

"Basi wawakamate. Watoe maelezo kituoni."

Baba Pacha akacheka ndani ya kinyago chake cha kuchomelea. Redio hakucheka. Alisema lile hasa lililomleta. Malisho yale ni ardhi ya urithi, ya ndugu wawili. Kondoo hawakui, na hewa inachafuka. Afadhali palimwe viazi.

Baba Pacha akavua kinyago. Akamtazama mkewe, akamtazama mdogo wake.

"Haya," alisema. "Tusubiri siku ya kuwaachisha wanakondoo kunyonya. Wakiwa wepesi kama mwaka jana, trekta liingie."

Mama Pacha alirudi nyumbani na sahani yake vile vile. Hakuonja hata kidogo.

Kesho yake alimwita afisa mifugo. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye maneno machache na buti kubwa. Mzani wa kuning'iniza ulikuwa begani mwake muda wote, kama mkoba wa kwendea harusini. Ndiyo maana aliitwa Mama Mizani.

"Dada, naomba uniambie neno moja tu," alisema Mama Pacha. "Niambie shemeji yangu ni mwongo."

"Siwezi. Anasema kweli."

Mama Pacha akakaa kwenye ukingo wa hori. Mama Mizani akakaa kando yake.

"Kondoo ana tumbo lenye vyumba vinne. Chumba kikubwa ni kama pipa la kuchachusha. Humo mna vijidudu ambavyo macho hayavioni. Hivyo ndivyo vinavyovunjavunja nyasi. Bila hivyo, kondoo angejaza tumbo na bado akafa njaa. Sasa vijidudu vikifanya kazi, gesi hutoka. Methani ni mojawapo."

"Na inatokea nyuma," ilisema sauti kutoka uani. Alikuwa Redio, ameegemea uzio, ameshaziba pua. Habari kama hizo hazikumpita.

"Nyuma ni kidogo tu," alijibu Mama Mizani. "Nyingi inatokea mdomoni. Kondoo anabeua."

Kondoo jike aliyekuwa karibu na uzio alinyoosha shingo, akabeua mbele ya uso wa Redio. Redio akarudi nyuma hatua mbili.

"Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo. Lakini methani yenyewe haina harufu. Hayo uliyonusa ni majani yaliyochachuka."

Mama Pacha hakucheka. "Kwa hiyo kila akibeua ni kosa langu?"

"Si kosa lako. Ila ni hasara yako. Gesi ile ni chakula kilichopotea. Umewahi kupikia kuni mbichi?"

"Mara nyingi. Macho yanalia, sufuria baridi."

"Basi jua kwamba kwa tumbo la kondoo mambo ni kinyume. Nyasi zilizokomaa na kukauka ndizo zenye moshi mwingi. Nyasi changa ndizo zinazoivisha. Moshi wote hatuwezi kuuzima. Tunaweza kuupunguza. Nipeleke malishoni."

Mama Pacha alifungua geti la malisho kwa fahari. Nyasi zilifika tumboni mwa kondoo, na zilikuwa zimeshatoa maua. Mama mkwe wake ndiye aliyemfundisha. "Nyasi ni ghala," alikuwa akisema. "Usilifungue mpaka lijae." Majirani wote walifanya hivyo hivyo.

Mama Mizani akapiga goti, akavunja shina moja. "Tafuna."

Mama Pacha akatafuna. "Huu ni ufagio."

Kisha Mama Mizani akachuma jani kando ya njia, mahali ambapo kondoo walikuwa wamekula na nyasi zikachipua tena. "Na hili."

"Hili laini. Lina utamu kidogo."

Redio, aliyekuwa amewafuata, naye akachuma, akatafuna, asije akapitwa.

"Nyasi ikishatoa maua, imekuwa shina tupu," alisema Mama Mizani. "Kondoo analitafuna, analicheua, linakaa tumboni muda mrefu. Gesi nyingi, nyama kidogo. Mwanakondoo anachelewa kukua. Na akichelewa, anabeua miezi mingi zaidi kabla hajafikia uzito. Unaona hasara inavyozaa hasara?"

"Naona. Nifanye nini?"

"Gawa malisho vipande vipande. Nyasi zikifika urefu wa kiganja, ingiza kondoo. Zikibaki upana wa vidole vitatu, watoe. Wahamie kipande kingine, hiki kipumzike. Halafu panda majani ya jamii ya kunde katikati ya nyasi. Yana lishe nzuri."

Kisha akamtazama kondoo mmoja mzee, mweupe, aliyesimama peke yake. "Yule anazaa?"

Mama Pacha akamsogelea yule mzee, akampapasa mgongo. "Misimu miwili sasa, hapana."

"Anakula na anabeua kama wenzake. Hana anacholeta."

"Huyo alizaa pacha mara nne, dada. Banda lile amenijengea yeye."

"Nakuelewa. Sikuamrishi."

Siku ya soko, Mama Pacha alimpeleka mnadani yule kondoo mzee yeye mwenyewe. Hakumtuma mtu. Alirudi na kamba mkononi, akaitundika mahali pake, akaanza kufyeka zile nyasi ndefu.

Baba Pacha alichomelea vigingi vya chuma. Mama Pacha akavikita, akafunga nyavu kuukuu, malisho yakawa vipande. Majirani walipopita waliona nyasi fupi, wakampiga vijembe.

"Mama Pacha, siku hizi unawalisha kapeti?"

"Kapeti hili linalika. Karibuni na nyinyi."

Lakini si kila siku alikuwa na majibu. Mvua iliposimama kwa muda, nyasi za kipande kilichofuata zilikataa kufika kiganja. Kondoo walilia getini tangu asubuhi. Mama Pacha alipiga goti, akapima, akapima tena. Bado. Geti lilikuwa hapo hapo, na mkono ulimwasha kulifungua. Akajikaza kisabuni. Akawafunga kamba, akawatembeza kando ya barabara wakale huko, jua likimchoma utosini, mpaka nyasi zake zikakua. Mtu anayeweza kuwanyima kondoo wanaolia kwa ajili ya faida yao wenyewe, huyo mpe heshima yake.

Siku ya kuwaachisha wanakondoo ikafika. Mama Mizani alitundika mzani wake kwenye boriti ya banda. Redio alijitolea kuwanyanyua. Alikuwa na hamu ya kuona kazi inakwisha.

Akamwinamia mwanakondoo wa kwanza kama mtu anayeokota mfuko mtupu. Mwanakondoo hakunyanyuka.

"Tumia mikono miwili," alisema kaka yake.

Redio akatumia mikono miwili na goti moja. Mama Mizani akasoma mzani. Akaugonga kwa kidole, asije akawa umekwama. Mzani ulikuwa mzima. Wa pili akaja, akawa mzito vile vile. Walipofika katikati ya kundi, shati la Redio lilikuwa limelowa.

"Mdogo wangu," alisema Baba Pacha, "trekta linakuja lini?"

"Trekta lina shughuli nyingi," alisema Redio, akihema.

Mama Pacha hakumcheka. Alimgeukia Mama Mizani. "Na ile gesi, dada? Imekwisha?"

"Ipo. Kondoo hawezi kuacha kuwa kondoo. Lakini hawa wamefikia uzito mapema, na wataondoka mapema. Kwa kila kilo ya nyama, gesi imepungua." Akashusha mzani wake taratibu. "Ushauri huu nimewapa wengi. Wengi walifungua geti nyasi zikiwa hazijafika kiganja. Mikono kama yako ni michache."

Mama Pacha akajifuta uso kwa kanga, ingawa hakuwa na jasho.

Wengine walipoondoka, Redio alibaki. Alizunguka banda mara mbili bila sababu.

"Shemeji," alisema mwishowe, "nikitaka wawili watatu wa kuanzia..."

"Wewe? Mwenye kuililia hewa?"

"Hewa bado naijali. Ndiyo maana nimekuja kwako, sijaenda kwa mwingine."

Hiyo ilikuwa habari ya kwanza ya Redio iliyomfurahisha Mama Pacha.

"Kondoo nitakupa," alisema. "Kwanza nionyeshe watakula nini."

Redio akaenda kutazama nyasi za uani kwake.